Kulala darasani Hota: wikendi ya barabarani na wenyeji wangu wa Yokohama

Kituo cha njiani cha Hota Shogakko, katika mji wa Kyonan mkoani Chiba, ndipo mahali pa kwanza nitakapomwelekeza mwalimu yeyote wa Dar es Salaam atakayebahatika kufika Japani. Disneyland iko mkoa huohuo, na wengi watakimbilia huko. Mimi nasema Hota. Wenzangu wa Mbagala wamekuwa wakiniuliza nilikwenda wapi pazuri, na jibu la kusimama koridoni halitoshi, kwa hiyo naandika yote: njia, chakula, malazi, na mambo ya kuangalia kabla hujafika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikwenda Yokohama kwa ufadhili ambao serikali ya Japani huwapa walimu walio kazini, na huko nikapata familia iliyonichukua kama binti yao: baba, mama, mtoto wao wa darasa la nne, na bibi mzaa baba. Niliwaita Otoosan (Baba), Okaasan (Mama) na Obaasan (Bibi), kama walivyoitana wenyewe. Wao waliniita Sensei, yaani mwalimu, hata tukiwa mezani tunakula. Safari hii ilikuwa wazo la Obaasan. Alikuwa amesikia kuna shule iliyofungwa ambayo sasa watu wanalala ndani ya madarasa, akasema mwalimu lazima aione.

Nieleze kwanza kituo cha njiani ni kitu gani. Wajapani wanaviita michi-no-eki. Mfumo ulianza rasmi mwaka 1993 kwa vituo 103 vilivyosajiliwa kwa mkupuo, na sasa nchi nzima vimepita 1,200. Ili kituo kisajiliwe lazima kiwe na maegesho na vyoo vya bure vinavyofanya kazi saa 24, pamoja na sehemu ya kumpa msafiri taarifa za barabara na za eneo lile. Baada ya hapo kila mji unaweka chake: soko la wakulima, migahawa, kiwanda kidogo cha jamu, hata nyumba ya wageni.

Ninaanza na vyoo kwa makusudi. Sisi tunaosafiri kwa mabasi ya barabara ya Kilwa tunajua hali ilivyo. Konda akitangaza kuchimba dawa, wanaume wanashuka upande huu wa barabara, akina mama upande ule, kanga zinafanya kazi ya ukuta. Mama mjamzito anashuka mtaroni kwa kushikwa mkono. Bibi yangu wa Kibiti siku hizi akija Dar hanywi maji tangu usiku wa kuamkia safari, kwa ajili ya jambo hilohilo moja. Kwenye vituo vya Chiba nilimwona Obaasan, naye ni mtu mzima wa magoti mabovu, anashuka garini bila wasiwasi wowote, anakuta vishikio ukutani, sabuni, maji, na mlango unaofungwa. Hakuna aliyemdai hata yeni moja. Kwangu hii ndiyo huduma ya kwanza ya kuisifu, kabla ya chakula na kabla ya mandhari.

Tuliondoka Yokohama Jumamosi asubuhi na mapema, kwa Toyota Noah. Ndiyo, Noah hiihii ya kwetu, usukani kulia, inakwenda kushoto, nikajisikia niko nyumbani. Wenye magari wote wa Dar wanaijua ile sauti ya dada wa Kijapani inayosema kila ukiwasha injini. Nimeisikia miaka yote kwenye teksi na kwenye gari la shemeji yangu. Otoosan alipoingiza kadi kwenye kisanduku kidogo chini ya dashibodi ndipo nikaelewa: ni kifaa cha kulipia barabara, kinaitwa ETC, na magari yetu yanadai kadi ambayo ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza. Ukifika kwenye lango la malipo unapunguza mwendo tu, kizuizi kinainuka chenyewe, na sauti inakutajia kiasi ulichokatwa. Kwenye barabara ya Tokyo Bay Aqua-Line tofauti ya kuwa na kadi na kutokuwa nayo ni kubwa mno. Kwa kawaida gari dogo lenye ETC linalipa yeni 800, zaidi ya shilingi elfu kumi. Lisilo nayo linalipa yeni 3,140. Ukikodi gari, ulizia kadi hiyo kabla ya kuulizia kitu kingine chochote.

Aqua-Line yenyewe inastahili kuonwa na kila mkazi wa Kigamboni. Ilifunguliwa Desemba 1997, inavuka ghuba ya Tokyo kutoka Kawasaki hadi Kisarazu, urefu wake kama kilomita 15. Zaidi ya kilomita tisa za mwanzo uko ndani ya handaki chini ya bahari, kisha unaibuka kwenye kisiwa cha kutengenezwa na watu, halafu unaendelea juu ya daraja la kilomita 4.4. Kisiwa hicho ndicho Umihotaru, na ni mahali pa kupumzikia: maegesho chini, maduka na migahawa juu, na baraza ya kutazamia bahari pande zote. Wameweka pale uso wa mashine iliyochimba handaki, duara la meno ya chuma lenye kipenyo kinachozidi mita 14. Simama chini yake utazame juu. Nusu saa inatosha Umihotaru. Jumamosi kuna umati, upepo ni mkali, shikilia mtandio wako, na bidhaa nyingi ni zawadi za kubeba kupeleka ofisini. Mtoto alitaka kubaki, sisi wakubwa tukaona tusonge.

Nokogiriyama nitaipitia haraka. Ni mlima uliochongwa mawe kwa miaka mingi mpaka mgongo wake ukawa na meno kama msumeno, na ndani ya eneo la hekalu la Nihonji kuna sanamu ya Buddha iliyochongwa mwambani, urefu wake mita 31. Mwenye magoti mazima apande kwa ngazi, mwenye umri apande kwa gari la kamba. Uzuri upo, lakini vitabu vya watalii vimeshausema, na mimi nina haraka ya kufika shuleni.

Shule ya msingi Hota ilifungwa Machi 2014 baada ya kufundisha kwa miaka 126. Watoto walikuwa wamepungua mno, wakahamishiwa shule nyingine. Mji haukulibomoa jengo wala kuliacha liote magugu. Desemba 2015 lilifunguliwa upya kama kituo cha njiani. Ukumbi wa michezo ukawa soko, madarasa ya chini yakawa migahawa na maduka, ya juu yakawa vyumba vya kulala. Jina halikubadilishwa: shogakko maana yake ni shule ya msingi tu, na ndivyo kinavyoitwa mpaka leo.

Nilipopanda zile ngazi nilitulia kidogo. Korido ni ya shule. Milango ya kusukuma kwa pembeni, madirisha marefu ya kuingiza mwanga upande mmoja, madawati ya mbao na chuma yenye mikwaruzo ya watoto. Ubao upo ukutani, na chaki zipo. Mimi natoka kwenye shule ambayo tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamefurika mpaka tunawafundisha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na bado kuna wanaokaa chini. Kule nimesimama kwenye darasa zima, sakafu inang'aa, na watoto hawapo kwa sababu hawakuzaliwa. Japani hufunga mamia ya shule kila mwaka kwa sababu hiyo, na tangu 2010 wizara yao ya elimu ina mpango wa kuyatafutia majengo hayo watumiaji wapya. Obaasan aliniambia shule aliyosoma yeye utotoni nayo imefungwa, na kwamba jengo lake halipo tena. Alilisema hilo akiwa amekaa kwenye dawati dogo, mkoba wake mapajani, na hakuondoka pale kwa muda mrefu.

Jioni ile mtoto alisimama ubaoni akataka tucheze shule. Nikaandika tarehe kwa Kiswahili kona ya juu kulia, kama ninavyofanya kila siku ya kazi, kisha moja mpaka kumi. Otoosan alikaa dawati la mbele, magoti yakiwa yamegonga ubao wa chini, akawa anarudia kwa sauti. Okaasan akapewa kazi ya kusahihisha. Sijawahi kulala kwenye hoteli ambayo ingetupa jioni ya namna hiyo, na kama kuna sababu moja ya kulala Hota badala ya kupita tu na kununua mboga, ni hii.

Sasa malazi kwa mtu anayetaka kujua. Chumba ni safi, kitanda ni cha kawaida, bei yake ni ya hosteli kuliko hoteli. Vyoo na bafu viko nje ya chumba na ni vya pamoja. Hapo nitoe angalizo kwa akina dada: Wajapani huoga pamoja, wanawake kwa wanawake, bila nguo kabisa, na kwao hilo halina aibu yoyote. Mimi sikuwa tayari. Nilimweleza Okaasan wazi, naye bila kunishangaa akaniambia tusubiri watu waishe, akakaa mlangoni nilipokuwa naoga. Ukiwa na mwenyeji wa namna hiyo huna shida. Ukiwa peke yako, oga usiku kabla ya kufunga au uliza muda ambao watu ni wachache.

Chakula. Moja ya migahawa ya pale inauza mlo uliopangwa kama wa shule, kwenye trei na vyombo vyepesi vya alumini, na watu wazima wanaula kwa furaha kubwa. Japani ina sheria ya mlo wa shule tangu 1954, na watoto hula darasani pamoja na mwalimu wao, wakipakuliana kwa zamu, wamevaa kofia na aproni nyeupe. Mtoto wetu alituonyesha jinsi zamu inavyokwenda: anayepakua supu haanzi kwake, na hakuna anayegusa kijiko mpaka wote wamepata. Mwalimu mwenzangu, wewe unayehangaika na michango ya uji, ukila mlo ule utakuwa na maswali mengi ya kuuliza, na watu wa pale wanapenda kuulizwa.

Kwa Waislamu wenzangu niseme zaidi. Ukanda ule ni wa wavuvi, kwa hiyo samaki hawakosekani. Chakula chao cha asili ni samaki wadogo waliokatwakatwa kwa kisu mpaka wawe laini, wakachanganywa na miso (rojo la soya iliyochachushwa), tangawizi na majani ya kitunguu. Wakiliwa wabichi huitwa namero, wakichomwa huitwa sangayaki. Nilipendelea wa kuchomwa. Lakini mchuzi na sosi ndiko kwenye hatari. Mgahawa mmoja tuliopita njiani, ambao sitautaja na ambao haumo ndani ya kituo chochote ninachokisifu hapa, walituhakikishia supu ni ya samaki. Okaasan hakuridhika, akaenda mpaka dirisha la jikoni, ikajulikana mchuzi umechemshwa na mifupa ya nguruwe. Tulitoka bila kula. Mvinyo wa mchele na mirin, pombe tamu ya kupikia, navyo vinaingia kwenye sosi nyingi bila kutajwa mezani. Andikiwa kadi kwa Kijapani yenye vitu vyote usivyokula, itoe kabla hujaagiza. Samaki wa kuchoma kwa chumvi tu, wali mweupe na mayai vilinitosha safari nzima na sikuona pengo.

Lakini uniamshe usiku nikusimulie soko la asubuhi. Jumapili nilishuka mapema, kabla ya wenzangu, nikawakuta wakulima wanaingiza mazao kwenye ule ukumbi wa michezo. Mama mmoja wa makamo, buti za mpira miguuni, alikuwa anabandika lebo kwenye mifuko ya karanga. Kwenye kila lebo kuna jina lake na bei. Bei anaipanga mwenyewe. Kituo kinakata asilimia yake, jioni mkulima anarudi kuchukua kilichobaki. Hakuna dalali katikati. Mama yule alibandika, akautazama mfuko, akaona lebo imekaa upande, akaibandua taratibu na kuibandika tena ikae sawa. Alifanya hivyo kwa kila mfuko, na ilikuwa mifuko mingi. Jirani yake analeta figili ndefu nyeupe zenye udongo mbichi mizizini, mwingine maua, mwingine chupa za asali.

Karanga zenyewe zilikuwa za kuchemsha. Sikutegemea kabisa. Chiba inatoa takriban asilimia 80 ya karanga zote za Japani, na wana aina moja inayoitwa Omasari, punje yake karibu mara mbili ya karanga ya kawaida, ambayo huchemshwa mbichi na maganda yake kwa chumvi. Ganda ni laini, linaachia maji ya chumvi vidoleni, punje ndani ni laini na tamu kwa mbali. Ni ladha ileile ya karanga za kuchemsha zinazopitishwa kwenye madirisha ya daladala zetu msimu ukifika. Nilikula mfuko mzima, nikanunua mwingine, na Obaasan akaninunulia wa tatu.

Niliwaza sana juu ya akina mama wa Mkuranga. Wanakimbiza basi na sinia la korosho au nanasi kichwani, abiria anatoa mkono dirishani, dereva anaondoa gari kabla chenji haijarudi. Mwisho wa siku anayejua bei ni mwenye lori. Akipewa ukumbi wenye paa, meza, choo na haki ya kuandika bei yake mwenyewe, na basi likalazimika kusimama pale, mambo mengi yangebadilika kwenye barabara ile. Sisemi tujenge kama Japani. Nasema halmashauri yoyote yenye jengo la zamani kando ya barabara kuu inaweza kuanza na choo safi na meza ishirini.

Kutoka Hota tulishuka kusini mpaka Tomiura, kituo kingine, ambacho chenyewe kilianza mwaka uleule wa 1993 mfumo ulipoanza. Hapo mfalme ni biwa, tunda dogo la rangi ya chungwa lenye mbegu kubwa, msimu wake Mei na Juni. Sisi tulifika wakati wa karanga, kwa hiyo matunda mabichi hayakuwepo, ila bidhaa zake zimejaa rafu: jamu, jeli, aiskrimu, majani ya chai, mpaka rojo la kari. Kilichonivutia ni chanzo chake. Matunda yenye makovu au yasiyo na umbo la kupendeza hayakuwa na soko mjini, wakaamua kuyasindika palepale na kuyauza kwa mpita njia. Wanaokumbuka machungwa ya Muheza yanavyooza chini ya miti msimu ukikolea wataelewa kwa nini nilisimama mbele ya rafu ile muda wote huo. Aiskrimu ni nzuri, si tamu kupita kiasi. Jamu ni ghali kidogo lakini imefungwa vizuri, inafika Dar bila kuvuja.

Kurudi, sikiliza ushauri wa Otoosan. Jumapili mchana watu wote wa Tokyo na Yokohama wanarudi kwa Aqua-Line, foleni inakuwa ndefu, na wameweka bei ya juu saa za msongamano kwa magari yanayoelekea Kawasaki ili kuwapunguza. Yeye alipitia bandari ya Kanaya, chini kabisa ya Nokogiriyama, tukaingiza gari kwenye pantoni inayovuka hadi Kurihama kwa kama dakika 40. Aliyezoea pantoni ya Magogoni atashangaa jinsi watu wanavyopanda bila kusukumana: magari kwanza kwa mstari, kila mmoja anaelekezwa kwa ishara ya mkono, kisha abiria wanapanda juu kwenye viti. Kutoka Kurihama hadi Yokohama ni mwendo mfupi.

Hota naipa nyota tano, Tomiura nne, Umihotaru tatu. Gari la kukodi linatosha kama huna wenyeji, ila tafuta mtu anayesoma Kijapani, maana lebo na maelezo mengi ya njia hii yameandikwa kwa lugha yao tu. Weka nafasi ya chumba Hota kwanza kabla hujapanga kitu kingine, kwa kuwa vyumba vya Jumamosi vinawahiwa mapema. Ukikosa Jumamosi, chukua usiku wa Jumapili. Soko la asubuhi utalikuta vilevile.